Ngiri Aliyesahau Utani

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na nini?

Aa, hapo mmenyamaza. Basi nitawafundisha. Nikiuliza pakawa na nini, jibuni: jirani na jirani. Nikiuliza na juu yao, jibuni: hapana mtu. Haya, tuanze tena.

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na nini?

Jirani na jirani.

Na juu yao?

Hapana mtu.

Vizuri. Hilo la mwisho lishikeni, ndilo litakalowasumbua. Mwalimu wenu ameniita niwaeleze nadharia za uhusiano wa kimataifa, maana Jumamosi mnasimama mdahaloni, na mada yenu inauliza kama jirani mwenye nguvu ni wa kuogopwa. Nikamwambia, mimi mambo ya ubao na chaki siyawezi, nitawapa ngano. Lumuli, weka kalamu chini. Ngano husikilizwa kwanza.

Hapo zamani za kale, kale sana, milima ikiwa bado inatafuta mahali pa kukaa, palikuwa na mto wa mchanga. Masika maji yalipita juu. Kiangazi maji yalijificha chini. Bondeni, kwenye majani, walikaa ngiri. Juu, kwenye majabali, walikaa nyani.

Mkubwa wa ngiri alikuwa mama mmoja aitwaye Bi Sengo, kwa sababu meno yake ya nje yalipinda kama sengo ya kufyekea. Mkubwa wa nyani aliitwa Bwana Mkwezi. Hapakuwa na jabali wala mkuyu uliomshinda kuukwea.

Najua mnachotaka kuuliza. Simba je, si ndiye mfalme? Simba alipita bondeni akiwa na njaa, akishashiba akaenda zake. Ngiri akidhulumiwa na nyani hakupeleka mashtaka kwa Simba. Nani apeleke mashtaka kwa anayemla? Pale bondeni palikuwa na jirani na jirani, na juu yao?

Hapana mtu.

Hata hivyo waliishi, tena waliishi vizuri. Kiangazi kikifika, ngiri walichimba kisima mchangani kwa meno yao. Walichimba, walichimba, walichimba, hata maji yakachuruzika, nao wakawaita nyani waje wanywe. Nyani hawakuwa na meno ya kuchimbia, lakini walikuwa na macho, na walikaa juu. Chui akitokea, nyani walibweka na ngiri wakakimbilia mapangoni. Makuyu yakiiva, nyani walitikisa matawi na ngiri wakaokota chini.

Na kubwa kuliko yote, walikuwa watani.

Babu zao walipigana vibaya sana, ngiri na nyani, kwa sababu ambayo hata wao waliisahau. Walipochoka kuzikana wakakaa chini wakasema, kuanzia leo tutapigana kwa maneno tu. Basi tangu siku hiyo ngiri akikutana na nyani hamwamkii. Anamwambia, nyani haoni kundule, na lako limechubuka kwa kukalia uvivu. Nyani naye anajibu, sogea huko, uso wako umejaa chunjua utadhani ulilala kwenye mzinga wa nyuki. Wanacheka, wanakunywa maji, wanaachana.

Utani mkubwa kabisa ulikuwa wa msibani. Ngiri akifa, nyani walikuwa wa kwanza kushuka. Waliingia kwa vishindo, wakamtukana marehemu, wakadai vitu visivyo vyao. Mmoja wao aliruka kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka alipwe. Wafiwa wakacheka na machozi yao machoni. Kisha mtani alitoa rambirambi yake na kushika kazi ya kufukia. Bila mtani, maziko hayakuwa maziko. Hata kwetu wapo wanaofanya hivyo mpaka leo, nanyi mnawajua.

Sasa kikaja kiangazi kisichoisha.

Mvua ilisubiriwa, haikuja. Ikasubiriwa tena, haikuja. Kisima kikashuka, mpaka ngiri wakawa wanapiga magoti ili midomo iyafikie maji. Mama yake Bi Sengo, ambaye alikuwa kikongwe, akaanza kuumwa. Bi Sengo alikaa pangoni akimwangalia mama yake na kuwaza, maji haya yakiisha ndugu zangu wamekwisha. Hilo ndilo lililokuwa rohoni mwake, na mimi simlaumu kwa hilo.

Mlangoni akatokea Nungunungu. Alikuwa na miiba tangu utosini hadi mkiani, na hakuwa na rafiki hata mmoja, na alijivunia yote mawili.

Nungunungu akauliza, "Bi Sengo, nyani wakitaka kisima hiki, utamlilia nani?"

Bi Sengo akafikiri. Akasema hakuna wa kumlilia.

"Basi usiniambie nia yao ni nzuri. Nia imo moyoni, nani ameiona? Nia hulala njema ikaamka mbaya. Wewe tazama meno. Meno ya Mkwezi ni marefu kuliko ya chui. Tahadhari kabla ya hatari."

Wanangu, hakuna uongo hapo. Mkwezi alikuwa na meno marefu kweli. Bi Sengo akawaita ngiri, akawaambia wanoe meno yao kwenye jiwe. Wakanoa asubuhi na jioni. Mmoja alipouliza wananoa kwa nini, Bi Sengo alimjibu, tunajilinda tu.

Huko juu nyani wakasikia. Kwecha, kwecha, kwecha. Wakaulizana, majirani wananoa meno, kisima kimeshachimbwa, sasa wanataka kuchimba nini? Bwana Mkwezi akasema labda ni mchwa tu wamewaingia menoni. Nyani wengine hawakucheka. Wakaanza kukusanya mawe ukingoni mwa jabali, palepale juu ya kisima. Alipouliza kwa nini, wakamjibu, tunajilinda tu.

Ngiri wakainua vichwa wakaona mawe. Wakasema, kumbe Nungunungu alikuwa mkweli. Wakanoa zaidi. Nyani wakasikia wakasema, tumeona sasa. Wakaongeza mawe. Na ukimuuliza yeyote, wa chini au wa juu, jibu lilikuwa moja.

Tunajilinda tu.

Mnacheka. Chekeni, lakini pale hapakuwa na mjinga hata mmoja. Kila mmoja alifanya jambo la busara, na kila busara ikaleta hofu kwa mwenzake.

Akaja Mnana, ndege mdogo wa manjano anayesuka kiota chake katikati ya viota vya wenzake. Mnana akaona meno, akaona mawe, akasikitika. Akamkumbusha Bi Sengo kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Nani atambwekea chui ngiri wakiwaua nyani? Nani atawachimbia nyani kisima wakiwaua ngiri? Akawashauri wafunge mkataba. Asubuhi wanywe ngiri, mchana wanywe nyani, na pawe na baraza, ngiri wawili na nyani wawili, wakae pamoja wasikilize malalamiko.

Ushauri mzuri. Mimi ningeupigia makofi. Ngiri wakakubali zamu, nyani wakakubali zamu. Wakaapa kwamba asubuhi nyani hakanyagi mchanga wa kisima, na mchana ngiri hakanyagi. Lakini baraza likawashinda. Ngiri walisema hawakai karibu na wenye mawe, na nyani walisema hawakai karibu na wenye kunoa meno. Mnana akasema basi, zamu zinatosha kwa kuanzia, baraza litafuata.

Na kuna jambo lingine walilolisahau. Mkataba ulisema asubuhi nyani asikanyage mchanga. Haukusema, isipokuwa siku ya msiba. Mnana hakuliwaza, kwa sababu wanana hawana watani. Ngiri na nyani ndio waliokuwa na watani, na wao pia hawakuliwaza.

Zamu zikafanya kazi. Ngiri wakanywa, nyani wakanywa, hakuna aliyeumia. Ila wakawa hawakutani tena. Ngiri akiondoka, nyani ndio kwanza anashuka. Wakionana kwa mbali, wanainamishiana vichwa kwa adabu.

Akabaki mshauri wa tatu, naye hakuja kutoka mbali. Alikuwa mlemle pangoni, amening'inia darini, miguu juu kichwa chini. Alikuwa Popo. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

Siku moja Bi Sengo alirudi kutoka kisimani, akamwambia mama yake kwamba mambo yametulia, hata Bwana Mkwezi leo amemwamkia shikamoo.

Popo akafumbua macho. "Amekwambia shikamoo?"

"Ndiyo. Kwa heshima kabisa."

"Mtani akikupa shikamoo, Bi Sengo, hapo kuna ugonjwa."

Bi Sengo akamwambia aache mzaha. Popo akasema yeye hana mzaha. Akasema, "Nitazame mimi. Ndege wananiita mnyama, wanyama wananiita ndege. Mwili wangu ni huuhuu, lakini huku nafukuzwa na kule nafukuzwa, kwa sababu ya wanavyoniona. Na meno yenu ni yaleyale. Mwaka jana nyani alipoyaona alisema, kisima hicho. Mwaka huu anayaona anasema, kifo hicho. Meno hayajabadilika. Mmebadilika ninyi."

"Sasa nifanye nini?"

"Nenda kamtukane. Leo hii. Simama chini ya jabali lake umtukane mpaka acheke. Akicheka, mawe yale yatarudi kuwa mawe."

Bi Sengo akasimama. Akafika mlangoni. Akamtazama mama yake, akaona anahema kwa shida, akaona jua limeinama. Tena, si kawaida kwenda kutukanana na mtu mliyekwisha kuheshimiana, aliona haya kidogo. Akasema, nitakwenda kesho.

Hapa mimi husikitika kila ninapofika. Nimeisimulia ngano hii mara nyingi, na kila mara natamani aende. Jabali halikuwa mbali.

Alfajiri mama yake akafariki.

Ngiri wakalia. Wakachimba kaburi karibu na kisima, kwenye mchanga laini, kama walivyofanya siku zote. Kilio kikapanda mpaka majabalini.

Nyani wakakusanyika, na kwa mara ya kwanza wakabishana kama washuke au wasishuke. Mmoja akasema ni asubuhi, mkataba unakataza. Mwingine akasema meno yao yananing'aria hadi huku. Mwingine akasema tupeleke pole kesho, mchana, kwa zamu yetu.

Bwana Mkwezi akasema, "Mkataba ni wa maji. Msiba si maji. Mtani asipofika msibani, hapo ndipo vita inapoanzia."

Akapanda mkuyu wa mwisho uliokuwa bado na matunda, ule waliouficha kwa ajili ya watoto wao. Akachuma makuyu, akajaza mashavu yake yote mawili, maana nyani hubebea humo. Ilikuwa rambirambi ya kumpa Bi Sengo. Kisha akashuka mbele, na nyani wachache wakamfuata. Waliobaki walikaa ukingoni, karibu na mawe.

Akashuka kwa vishindo, kama desturi. Akakanyaga mchanga wa kisima, kama desturi. Akasimama juu ya kaburi, mashavu yamemvimba, akasema kwa sauti kubwa, kama desturi, "Ngiri nyie, kizee chenu kimekufa na maji yetu tumboni. Leo hatulii. Leo tumekuja kuchukua kisima."

Halafu akacheka, akaonyesha meno yake yote.

Bi Sengo akainua kichwa. Macho yalikuwa yamejaa machozi. Aliona vitu viwili. Aliona miguu ya nyani kwenye mchanga, asubuhi, mkataba umevunjwa. Aliona meno marefu kuliko ya chui. Kitu cha tatu kilikuwa hapohapo juu ya meno, nacho ni kicheko. Hakukiona. Kwa miezi yote ile alikuwa amejifunza kutazama meno, na kicheko alikuwa ameacha kukitazama.

Akamrukia. Jino lililonolewa kwa ajili ya kujilinda likaingia ubavuni.

Bwana Mkwezi akaanguka ndani ya kaburi, chali, mahali palepale ambapo mtani hulala akidai alipwe. Mdomo ukafunguka. Makuyu yakamwagika kutoka mashavuni, moja, jingine, jingine, yakabingirika mpaka kwenye sanda ya majani aliyovishwa marehemu.

Bi Sengo akayatazama makuyu yale. Ndipo akaelewa.

Bwana Mkwezi hakuwa na hasira. Alionekana kushangaa tu. Akasema, "Mtani, ilikuwa zamu yako kutukana."

Akakata roho.

Waliokuwa ukingoni hawakusikia maneno hayo. Walichoona ni mkubwa wao ameanguka na damu iko kwenye jino. Mawe yaliyokusanywa kwa ajili ya kujilinda yakashuka. Yalishuka juu ya ngiri, yakashuka juu ya nyani waliokuwa chini, yakaziba kaburi, yakaziba kisima. Vumbi lilipotulia, maji hayakuonekana.

Ngiri waliosalia wakajaribu kuyaondoa. Meno yaliyonolewa sana huwa membamba, na membamba huvunjika. Wakashindwa. Nyani wakahama majabali, na njiani kiu ikawapunguza. Chui akaja bondeni, na hakuna aliyebweka.

Nungunungu akapita akasema, si nilikwambia nyani watakupigeni? Na kweli walikuwa wamewapiga. Maneno ya Nungunungu yana tabia hiyo, ukiyafuata sana yanatimia. Mnana naye akaja, akasema lile baraza, lile baraza, akashindwa kumaliza. Popo yeye alikunja mbawa. Aligeukia ukutani.

Bi Sengo alirudi kwenye rundo la mawe. Akapiga magoti. Akaanza kumtukana Mkwezi. Akamtukana uvivu wake, akamtukana makalio yake, akamtukana babu yake, matusi yote aliyokuwa akidaiwa kwa mwaka mzima. Alitukana mpaka sauti ikakauka. Jabalini hapakuwa na wa kucheka.

Ndiyo maana hadi leo mkimwona ngiri anakula, anapiga magoti. Na akiingia pangoni kwake anaingia kinyumenyume, meno yakitazama nje. Magoti ni majuto yake. Kinyumenyume ni somo la Nungunungu, ambalo halijamtoka.

Sasa, wanangu, shikeni kalamu. Lumuli, na wewe.

Njia ya Nungunungu ndiyo wasomi wanayoiita uhalisia: juu yetu hapana mtu, kila mmoja ajilinde, tazama nguvu usitazame nia. Njia ya Mnana ni uliberali: tunahitajiana, tufunge mikataba, tuunde mabaraza. Njia ya Popo ina majina mengi, mimi naiita uundaji wa maana: jino halisemi kitu, ni sisi tunaolipatia maneno, na tulichokiunda kwa maneno tunaweza kukiunda upya.

Msiniulize nani alikuwa mwongo, kwa sababu hakuna aliyedanganya. Jumamosi mtapewa upande mmoja mtetee, nanyi mtatetea, ndiyo kazi ya mdahalo. Lakini mkitoka pale msije mkawa na jicho moja tu. Uhofie meno, ndiyo. Andika mkataba, ndiyo, na uulize umesahau nini. Ila kabla ya yote muulize jirani yako, wewe kwangu ni nani, na umuulize leo. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hukuta bibi ameshazikwa.

Hilo ndilo funzo. Jirani huwa adui siku ile tunapoacha kusema naye, hata kama tunaendelea kuamkiana.

Tumalize. Mimi ngano yangu nimeichimba nikaifukia, atakayeipitia asiikanyage. Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na nini?

Jirani na jirani.

Na juu yao?

Hapana mtu.

Na katikati yao?

Mmenyamaza tena. Palikuwa na utani.